Brashi ya Mzee Ndelilio Ikitoka Majini

Bwana Yesu asifiwe. Wapendwa, yanayosomwa hapa yamesimuliwa na mjane wa marehemu, Bibi Eliaichi, naye ameomba yasomwe polepole.

Mzee Ndelilio Nkya alizaliwa Machame tarehe 12 Machi 1938, akasoma huku huku hadi darasa la nne mwaka 1952, akawa kibarua wa kuchambua kahawa, na tarehe 20 Agosti 1960 akafunga ndoa na Eliaichi, wakajaliwa Praygod na Hellen.

Mwaka 1987, maduka ya watu binafsi yalipoanza kufunguliwa Moshi mjini, Mzee aliingia kazi ya kuandika vibao, akatengeneza brashi kwa singa za mkia wa ng'ombe wake, ila akazikata ncha kwa mkasi ili azichonge, brashi ikaandika kama ufagio, Eliaichi akacheka mpaka akakaa chini, akamwambia Baba Praygod, umemnyoa ng'ombe wa watu bure, ncha ziache, maji yatazikusanya yenyewe. Eliaichi akafunga nyingine mwenyewe, akaitumbukiza kwenye ndoo, mle majini singa zikatawanyika kila moja na njia yake, Mzee akasema si unaona, zimekataa, naye akajibu ngoja zitoke, na zilipotoka yale maji yaliyobaki juu yake yakazivuta, zikashikana, zikawa ncha moja kama sindano.

Tangu hapo mama alifunga, Mzee akaandika, vibao kutoka Moshi hadi Bomang'ombe, na misalaba ya wapendwa wetu wengi waliolala kijijini hapa.

Mwaka 2002 kiharusi kiliuchukua mkono wake wa kulia, na kilichomuuma zaidi ni nani atamwandikia msalaba wake, maana vijana wa mjini siku hizi wanabandika herufi za plastiki, naye alisema hawezi kulala chini ya stika kama basi. Hellen alikuwa ameikataa brashi tangu usichana, eti rangi inanuka, lakini Jumapili moja aliichovya kwenye kikombe kando ya kitanda, akaitoa taratibu, baba yake akaitazama inavyojikusanya, akasema haya mama, andika nione, akaandika jina la baba yake, N ikapinda, Mzee akacheka akasema huyo ni mimi kabisa, hata mguu wangu umepinda hivyo hivyo.

Alitutoka tarehe 9 Mei 2003, mchana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta mtori bila kuitwa, na waandika vibao wenzake mliopanda kutoka mjini. Msalaba mnaouona ameuandika Hellen leo asubuhi, kwa brashi aliyofunga mama yake, N imepinda vile vile, na rangi haijakauka, tunaomba asiuguse mtu.

Pumzika kwa amani, Baba Praygod, hukuwekewa stika.