Bi. Shamsa Aliyeuliza Nyumbani Mnakunywa Nini

Tarehe 30 Juni, Bi. Shamsa Muharami anaondoka kwenye dirisha la dawa la hospitali yetu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Alianzia wilayani Misungwi, binti wa mjini kutoka mtaa wa Mirongo asiyejua hata kuendesha baiskeli. Anasema alijifunza kwa wiki moja. Wenzake wa kule wanasema ni miezi minne, na makovu anayo.

Ni mteknolojia wa dawa wa kiwango cha juu, na mkali kwelikweli. Cheti cha dawa kisichosomeka alikirudisha kwa daktari, awe mgeni au bosi. Chai yake haina sukari, na alitulazimisha tuinywe hivyohivyo.

Lakini sifa yake kubwa ni namna ya kuuliza. Sisi wengine tulimuuliza mgonjwa kama anatumia dawa nyingine, naye akajibu hapana, kwa kuwa alijua akitaja mitishamba atagombezwa mbele ya foleni. Bi. Shamsa anamsalimia kwanza, kisha anauliza nyumbani wanakunywa nini tangu asubuhi hadi kulala. Akitajiwa mizizi hakunji uso. Anaeleza tu kwamba vidonge vya usingizi na mitishamba ya usingizi vikikutana mwilini vinaongezeana nguvu, hata mtu akashindwa kupumua vizuri.

Mwaka 2019 mimi, Nestory, nilimpa Mzee Ojuok vidonge vya usingizi. Niliuliza swali letu la mazoea, mkewe, Mama Agutu, akasema hapana, nami nikaridhika. Siku ya nne mzee aliletwa hajitambui, pumzi za kuhesabu. Sote tulidhani ni kiharusi, na ndugu zake wa Musoma walishaanza safari.

Bi. Shamsa alimfuata Mama Agutu kwenye benchi, akamwamkia shikamoo, akakaa naye bila haraka. Baada ya muda mama alifungua fundo la khanga akatoa kichupa cha unga wa mizizi ya usingizi alioununua stendi ya Buzuruga. Alikuwa akimtilia mzee kijiko kimoja kwenye uji kila jioni.

“Nilificha kwa sababu mwaka jana mlinigombeza,” alisema. “Kama nimemuua mume wangu, niambieni.”

Bi. Shamsa alimjibu kwamba mzee yu hai, na kosa ni letu tuliomfanya aogope kusema. Kisha akakimbiza kichupa kwa daktari. Mzee aliwekewa oksijeni na kuangaliwa kwa karibu. Siku ya pili alifumbua macho, akadai samaki sato.

Nilijifungia stoo nikalia, wala sioni haya kuliandika hilo. Bi. Shamsa alinipa kiti chake dirishani, akasimama nyuma yangu wiki nzima akisikiliza ninavyouliza.

Bi. Shamsa, asante kwa wagonjwa uliowaokoa, na kwa sisi uliotunyoosha. Tunakuombea afya, mapumziko ya kutosha, na wageni watakaokubali chai yako. Kuanzia Julai mosi dirishani nakaa mimi. Mama Agutu bado anachukua dawa kwetu, na siku hizi, kabla sijauliza, anaanza mwenyewe kunitajia kila kilichomo jikoni kwake.