Nahodha Ulysse Cheramie na Boti Zilizofungwa

Marehemu Ulysse Cheramie, tunayemsindikiza leo, alizaliwa hapa Golden Meadow, Louisiana, tarehe 14 Machi 1946, mtoto wa nne wa mvuvi wa kamba. Shuleni alichapwa kwa kusema Kifaransa cha nyumbani, na darasa la nane lilipoisha akaona afadhali bahari.

Mwaka 1966 aliacha nyavu, akaingia kwenye boti zinazopeleka mizigo kwenye mitambo ya mafuta baharini, akapanda hadi unahodha. Tarehe 3 Juni 1967 alimwoa Verlie Guidry. Boti ilimchelewesha kufika kanisani, na Verlie akamuuliza mbele ya padri, "Naolewa na wewe au na kampuni?"

Bei ya mafuta ilipoporomoka mwaka 1986, nusu ya mtaa ilihamia Texas. Ulysse aligoma kuhama. Verlie alimenya kaa kiwandani, wakala wali na maharage, hatimaye kazi ikarudi. Tangu hapo hakuna aliyemweza kwa maneno: mafuta yakienda hurudi, nyumba haiuzwi.

Mwaka 2015 yakaenda tena. Boti zilikosa kazi, zikafungwa mferejini ubavu kwa ubavu, naye, mstaafu, akaajiriwa kuzilinda. Binamu yake Nolan hakuacha kumtania.

"Mji mzima ni wewe tu unayeomba bei isipande."

"Naomba nifukuzwe, Nolan. Zikiondoka zote, bia juu yangu."

Ofisini walimwambia azitazame tu, lakini kila wiki aliwasha injini za boti hizo ili siku ya kuitwa zisigome. Mkwe wake, Dale Pitre, alipunguzwa kazi, akaenda kuendesha lori Texas. Odette, binti wa marehemu na mke wa Dale, alibaki hapa na watoto, kwa sababu baba alisema wangoje. Walingoja miaka mitatu, na walichoka sana.

Desemba 2018 moyo wake ulianza kushindwa. Hospitalini alimuuliza Odette, "Zimeondoka ngapi?"

"Mbili, baba."

"Kazini?"

Odette hakutaka kumdanganya. "Kukatwa kuwa vyuma chakavu."

"Mwambie Dale auze nyumba yenu. Ule mwaka wa themanini na sita ulinidanganya, nami nikawadanganya ninyi."

Alifariki tarehe 6 Februari 2019, Verlie akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, binti, mkwe na wajukuu wawili. Nyumba imepata mnunuzi, na mwezi ujao wote wanahamia Texas, Verlie pia. Siku ya Watakatifu Wote, kila familia ikipaka chokaa makaburi ya wafu wake, Nolan ndiye atakayelipaka lake.

Amengoja vya kutosha. Mungu ampumzishe.