Maji ya Mbolea Kwenye Ndoo ya Ng'ombe

Wazee wangu wa hapa Kahe, shikamooni. Mwenyekiti ameniomba niseme neno kabla mifuko ya mbolea haijagawiwa. Nitasema, ila simtaji mtu kwa jina.

Nilirudi kwetu Kirua Vunjo, kule mlimani, baada ya miaka kumi na tisa ya kuzunguka. Nilianzia Mererani kwenye machimbo, nikaenda Kilombero kwenye miwa, nikaishia Songea kwenye mahindi. Kutoka Songea nilisafiri siku mbili, nikalala kwenye benchi la stendi Makambako. Mzigo wangu ulikuwa begi moja na nusu mfuko wa mbolea ya SA, ile nyeupe ya chengachenga kama chumvi. Kila nilikoishi niliota mvua ikipiga migomba ya kwetu. Nikifika kwetu, baada ya wiki naanza kuitazama barabara.

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Ndugu zangu, yule ng'ombe ndiye aliyekuwa dawa zake za presha, sukari yake na sadaka yake ya Jumapili. Mimi nikaleta ujuzi. "Mama, achana na samadi. Hii inayeyuka kama sukari, na siku chache tu jani linakuwa kijani kibichi."

Akacheka. "Umezunguka nchi nzima kuniletea chumvi?"

Nikayeyusha kopo zima nimwagilie miche ya kahawa. Ndoo niliyochukua ilikuwa ya kumnyweshea ng'ombe. Jirani akaniita nikaangalie pikipiki yake, nikaiacha ndoo mlangoni pa banda. Maji ya SA hayana rangi. Ng'ombe alikuwa na kiu tangu asubuhi, maana kumnywesha ilikuwa kazi yangu na sikuifanya. Mama akadhani mwanawe leo amekumbuka kuchota maji, akamsogezea.

Niliporudi ng'ombe alikuwa anatetemeka, povu linamtoka, tumbo limejaa. Ndoo ilikuwa tupu. Nilielewa palepale.

Bwana mifugo alikuja mbio. "Amekula nini? Amekunywa nini?"

"Majani na maji tu," mama akajibu.

Mimi nikanyamaza. Ng'ombe akafa tukimtazama.

Majani yale yalikuwa yameletwa na mama mmoja wa huku Kahe, aliyekuwa akipanda mlimani kutuuzia. Watu wakasema yalipuliziwa sumu ya wadudu. Sokoni wakamzomea: "Rudisha sumu yako kwenu!" Akaacha kuja. Nilikuwepo, nikachagua ndizi kama sisikii.

Nikafunga begi, kama kawaida yangu. Mama alikuwa jikoni anasema peke yake: "Yule nilimpa uji hapa hapa akiwa na mimba. Kwa nini aniulie ng'ombe?"

Hakuwa ananiuliza mimi. Lakini miguu ilikataa kutoka.

"Ni mimi, mama." Nikasema yote.

Aliinuka, akatoka nje. Kisha akaenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, akakata jani la isale, lile ambalo kwetu ukimpelekea mtu unamwomba msamaha. Nikapiga magoti mbele yake.

"Usianze na mimi," akasema. "Lipeleke Kahe."

Nilimkuta yule mama amesimama kwenye matope ya mpunga. Akalitazama jani. "Kumbe una mdomo. Nitalipokea sokoni, mbele ya walionizomea."

Jumamosi nikasimama sokoni, nikarudia yote. Wengine walicheka, mmoja akatema mate. Yule mama akalipokea. Bwana mifugo naye alikuwepo. Akaniambia taratibu, "Ungetaja mbolea siku ile, ningejaribu kumnywesha siki. Labda angepona." Hilo bado linaniuma.

Akina mama wa kanisani walimpa mama mtamba, kwa sharti kwamba ndama jike wa kwanza apewe mwingine. Nilimkatia huyo mtamba majani miaka miwili. Nawashukuru hao, na bwana mifugo, na mama wa Kahe, ambaye yumo humu na anajijua. Mbolea hii italisha mpunga wenu, sina ubaya nayo. Ipeni ndoo yake na mahali pake, mbali na mifugo. Na ukikosea, nawaambia, taja mapema. Mimi kosa langu lilikuwa la dakika chache. Kimya changu ndicho kilichoua.

Ndama alipoacha kunyonya, kikundi cha akina mama wa kanisani kikakubali aende kwa mama wa Kahe, naye akaniambia mpunga wake unahitaji mikono. Safari zangu zote niliondoka alfajiri bila kuaga. Siku ya kumpeleka ndama, mama alinisindikiza hadi barabarani, saa nne asubuhi, majirani wakitazama. Alijua sirudi kuishi mlimani.

"Mshike kamba vizuri," akasema. "Na akiona kiu njiani, onja maji wewe kwanza."

Nikashuka na ndama kwa miguu.