Bibi Alinipitisha Kizuizini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asanteni kwa kunipa nafasi. Wengi hapa ugenini Xiaobei, kwa Wachina, mnanijua kama Mama Neema, mnunuzi wa vitenge kule soko la vitambaa la Zhongda, na mnadhani mimi ni mtu wa Ngara, Tanzania. Ngara nililelewa tu. Nilizaliwa Rwanda. Mimi ni Mtutsi niliyenusurika mauaji ya kimbari.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi walipokuja na mapanga. Baba walimuua mlangoni. Mama na dada zangu waliwafikia kwenye migomba. Nasema kwa kifupi kwa sababu kwa kirefu siwezi. Nilikimbilia kwa jirani yetu, bibi mmoja Mhutu, Veneranda. Akaniingiza kwenye shimo la kuivishia ndizi za pombe, akanifunika kwa majani. Mvua ilininyeshea humo, huku nikiwasikia wauaji wakinywa uani. Ndugu zangu, mmoja wao alikuwa mwanawe wa kumzaa! Nilimwomba Mungu nife kabla hawajanifikia.

Walipoanza kupekua mashimo, bibi alinitoa, akanivika gauni la mjukuu wake, tukashika njia ya mtoni kuelekea Tanzania. Kizuizini, pale wauaji walipofunga njia, tukamkuta yule mwanawe na panga mkononi. Alinijua. Alikuwa amekula kwetu mara nyingi. Bibi akamwambia taratibu, "Ukimkata huyu, anza na mimi niliyekuzaa."

Akatazama chini, akasogea. Tukapita.

Mtoni maiti zilikuwa zikielea. Bibi akanikabidhi kwa watu wa mtumbwi, akarudi. Baadaye nilisikia kwamba wauaji waliokuwa na yule mwanawe walimuua bibi kwa ajili yangu.

Nilivuka mimi, moyo haukuvuka. Niliolewa, nikazaa, nikaimba kwaya, na hata mume wangu hakujua mama yangu aliitwa nani. Juzi hapa, kwenye lifti ya jengo la mizigo, mwanamume mmoja nyuma yangu alianza kuongea Kinyarwanda kwenye simu. Hakunifanyia lolote, maskini. Lakini nilisikia tena sauti za uani, nikatoka kwenye lifti kabla ya ghorofa yangu. Mama Sifa wa Kahama, huyu hapa mbele, alinikuta nimekaa kwenye ngazi, nimejifunika kichwa kwa kitenge. Hakunikemea wala hakukemea pepo. Alikaa sakafuni kando yangu, na nilipomwambia kwamba kwetu waliuawa wote, akaniuliza, "Kwenu mlikuwa akina nani?"

Nikawataja, mmoja mmoja. Ndugu zangu, siku ile nililia msiba ambao sikuwahi kuukalia matanga! Na Yesu alikuwa pale kwenye ngazi, nawaambia kweli.

Sisemi nimepona. Mwana wa Veneranda sijamsamehe, niombeeni. Ila namshukuru Mungu kwa bibi yule aliyenificha, na kwa pumzi hii ninayosemea. Nawe uliyekaa hapa na jambo ulilolifukia, mwamini Yeye. Alikaa nami kwenye shimo lile, katikati ya wauaji. Hataogopa kukusikia.