Asteria Mageni: Mawazo Yalimkuta Akicheza

Ndugu, majirani, na ninyi wachimbaji mliokuja moja kwa moja kutoka kazini: kamati ya mazishi iliniletea wasifu unaosema kwamba mama yetu alikuwa "mpole na mkimya". Mimi Rhoda, binti yake wa kwanza, nimeukataa. Mpole, sawa, siku moja moja. Mkimya, hapana. Hatuwezi kumzika mtu tusiyemfahamu.

Asteria Mageni alizaliwa tarehe 14 Juni 1968 kijijini Samuye, Shinyanga. Baba yake alipiga ngoma katika kikundi cha bugobogobo, wale wanaolima kwa mdundo, majembe yote yakipanda na kushuka pamoja. Alikua akijua kwamba shamba linalolimwa kimya ndilo linalochosha. Alimaliza darasa la saba kijijini hapo mwaka 1983. Mwalimu alimchapa kwa kuimba wakati wa hesabu. Hesabu alifaulu, na kuimba hakuacha.

Mwaka 1990 alihamia Geita, akawa anaponda mawe ya dhahabu kwa nyundo pamoja na wanawake wenzake. Redio yake ya betri ilikaa juu ya kiroba, dansi la zamani likilia na nyundo zikilifuata. Siku moja mwenye shimo, Mzee Bujiku, alikuja amefura, akamwita "mama" kwa Kisukuma.

"We mayu, zima redio! Dhahabu haipendi kelele, itakimbia."

"Baruti mnalipua kila siku haikimbii," Mama akamjibu. "Leo ikimbizwe na gitaa?"

Wachimbaji walicheka mpaka wakakaa chini. Bujiku alinuna, kisha akawa anakuja kusimama karibu na redio akijifanya anakagua mawe.

Tarehe 5 Septemba 1992 alifunga ndoa na baba yetu, Sostenes Mihayo wa Chato, fundi wa mashine za kusaga mawe. Baba hakujua kucheza, na Mama alimvumilia hivyo hivyo. Sisi watoto tukirudi shuleni tukakuta redio imepandishwa sauti, tulijua siku imekuwa mbaya: mtu kamtukana kazini, au mkono umevimba. Hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza kitu mpaka wimbo uishe. "Mawazo yakija," alikuwa akisema, "yanikute nacheza." Wimbo ukiisha alijifunga kanga upya na kubandika ugali.

Baba alifariki Machi 2014 kwa homa kali. Msiba ukiwa bado haujaanuliwa, watu wamekaa kwenye mikeka, Mama aliwasha redio. Baba mdogo Kalisti, mdogo wake Baba, alisimama.

"Shemeji, zima hiyo. Watu watasema umefurahi."

"Waache waseme. Mnataka nikae kimya ili nisikie nini?"

Na kweli wakasema. Tangu siku ile wapo wanaodai kwamba Asteria hakumlilia mumewe, na wengine wamekaa hapa leo. Niliyelala naye kitanda kimoja miezi ile ni mimi. Nilikuwa naanika mto wake juani kila asubuhi. Naomba maneno hayo yaishe leo.

Kuanzia mwaka 2022 alisumbuliwa na kifua. Vumbi la mawe lilikuwa limeshamkaa ndani. Wodini alisikiliza nyimbo zake kwa sikio moja, la pili akawaachia madaktari. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2025. Siku mbili kabla alinishika mkono akaniambia, "Msinishushe kimya kimya. Mtaniogopesha."

Jana baba mdogo Kalisti alitutangazia kwamba muziki ukipigwa kaburini, yeye anaondoka. Baba mdogo, shikamoo. Tunakuheshimu, ulitulipia shule baba yetu alipotutoka, na tunakuomba ubaki. Lakini muziki utapigwa.

Marehemu ameacha watoto watatu, Rhoda, Deusdedit na Violeth, wajukuu watano, dada yake Martina, wanawake wa nyundo ambao hawana haja ya kutajwa, wanajijua, na shemeji yake Kalisti, ambaye jina lake litabaki kwenye karatasi hii hata akiondoka.

Mama, pumzika kwa amani. Deusdedit, washa, na uongeze sauti.