Nyumba ya Bakr Yaburutwa kwa Kidole

Bakr alikuwa mpishi wa meli, akalala hoteli za nchi nyingi, na mbili kati ya hizo zilimtoa nje kwa kukaanga samaki chumbani. Kijiweni, mtaani Mkomani, wakamwita Bandari Zote, naye akaamini hakuna wa kumfundisha kukaribisha wageni. Sasa alikuwa na nyumba ya marehemu mama yake, tupu. Dadake Ruqaiya, mrithi mwenzake, alikwishasema: mwezi huu usipoleta mgeni wa kulipa, inauzwa. Ndiyo maana asubuhi hii alikuwa kwenye baraza la mawe, tableti magotini, akijenga tovuti ya nyumba hiyo kwa programu ya wasiojua lugha ya kompyuta: unagusa kitu, unakiburuta kwa kidole, unakiachia utakapo. Kushoto kwake alikaa Hamdun, fundi wa plasta, jina la kijiweni Injinia. Kulia, Ubaid, aitwaye Wakili, ambaye mahakamani aliwahi kuingia mara moja tu, kukimbia mvua.

Wakili: Hicho kidude cha buluu hapo juu ni nini?

Bakr: Kitufe. Programu imekiweka yenyewe. "Lipia chumba."

Injinia: Audhubillahi! Mtu hayaketi, hayanywa maji, wamwonyesha kiganja?

Bakr: Ulaya ndivyo.

Injinia: Na Ulaya walikufukuza.

Bakr akakiburuta kitufe chini. Kidole kikateleza, kitufe kikatoweka. Akajiambia hiyo ndiyo heshima.

Wakili: Na chumba cha kulala chaonwa na kila apitae ndia? Mgeni huanzia dakani, hapo ukumbini mwa mlango. Ndani ataingia akishajulikana ni wa nani.

Bakr akaigusa picha ya chumba, akaanza kuiburuta pembeni.

Injinia: Lakini vuta polepole! Ukuta huo ni chokaa ya babu yako. Ukikiondoa chumba, dari yashikwa na nini?

Bakr: Ni picha, Injinia.

Injinia: Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi magoti yaniuma.

Wakili: Ukuta si kitu. Kidole kikiteleza kaskazini, nyumba yaangukia ng'ambo, kijiji cha Mbwajumali. Na sheria yasema, palipo jiko ndipo penye mgeni.

Bakr: Sheria ipi?

Wakili: Bado haijapitishwa.

Injinia: Na choo? Ukiugeuza ukurasa hivyo, choo chaelekea kibla!

Bakr alicheka. Hata hivyo, akakifuta choo.

Bakr: Basi niandike bei, angalau.

Wakili: Haya huna? Chema chajiuza. Weka ishara tu, mwenye akili ataelewa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Weka jembe.

Bakr akapekua ghala la picha la programu juu hadi chini.

Bakr: Jembe hawana. Kuna trekta.

Wakili: Trekta ni jembe lililosoma.

Trekta ikaburutwa, ikaegeshwa chini ya mlango wa nakshi. Bakr akabonyeza "Chapisha", wakagonganisha vikombe vya kahawa. Hapo akatokea Jepchirchir, mwalimu wa sekondari aliyehamishwa kutoka bara.

— Hamjambo wazee. Mamangu anakuja wiki ijayo na chumba changu ni kidogo. Nimeambiwa Bwana Bakr ana nyumba.

Bakr akampa tableti kwa mikono miwili. Mwalimu akapitia: maamkizi marefu, daka, mlango, majina ya mababu saba, trekta. Akarudi juu, akashuka tena.

— Nyumba ni nzuri. Kwani mnaikodisha?

Injinia akachungulia kikombe chake. Wakili akamsukuma Bakr kwa kiwiko. Bakr alifungua kinywa aseme ndiyo. Lakini mtu alikuwa amesimama mbele yake, hajapewa hata maji, na ulimi ukamponyoka:

— Karibu kahawa.

— Asante mzee, niko na kipindi. Wacha nijaribu pale mbele, kuna kibao cha vyumba vya kukodisha.

Akaenda. Bakr akamtazama akikaribia kona, na akilini akamwona mnunuzi akipima vidaka vya ukutani vya mama yake kwa futi. Akaruka, kiatu kimoja mguuni, akapaza sauti aliyoiacha melini:

— Mwalimu! Twakodisha! Wallahi twakodisha!

Madirisha ya juu yakafunguka. Jepchirchir akageuka.

— Pesa ngapi?

Mbele ya mtaa mzima, Bakr akafumba macho kama anayemeza shubiri, akaitaja bei.

Kisha kutoka dirishani, sauti ya bibi mmoja:

— Rahisi hivyo, Bakr? Nyumba ya mamako!