Nilifunga kwa Maombi Kabla Mwanangu Hajasema

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi wa viti vya nyuma, asifiwe tena, hata kama mvua hii juu ya mabati inataka kunizidi sauti. Mnanijua. Mimi ni Mama Wawira, wa hapa hapa Kianjokoma. Mmezoea kuniona nikisimama kutoa neno. Leo sina neno. Nina ushuhuda, na unaniaibisha.

Kwetu mtu akifiwa, sisi akina mama tunaenda na sukari, maziwa na unga. Tunakunywa chai, halafu kila mmoja anatoa neno la faraja. Langu lilikuwa la mwisho, maana nilijua mistari mingi ya Biblia, na nilijua kwamba naijua! Nikimaliza nasema, "Tufunge kwa maombi." Maombi ya kufunga kikao yakishaombwa, hakuna anayeongeza kitu. Watu wanatafuta miavuli, wanaenda zao.

Sasa sikieni nilivyomfanyia mtoto wangu.

Wawira ni binti yangu wa pekee. Alipata mimba kabla ya kuolewa. Mimi, kiongozi wa akina mama! Nilimficha kwa dada yangu Embu mjini, nikawaambia ninyi kwamba amepata kazi huko. Nilidanganya kanisa, ndugu zangu. Mtoto alizaliwa amekufa. Wawira akarudi nyumbani, akakaa jikoni kando ya moto, akaniambia, "Mama, kuna kitu nataka kukuambia."

Niliogopa. Sikutaka kukisikia. Nikamwambia, "Usilie. Pengine Mungu amekuondolea mzigo." Nikatoa mstari, nikamwekea mkono kichwani, nikafunga kwa maombi. Akasema amina. Kesho yake akaenda Meru, na hakurudi kukaa tena. Nikipiga simu anapokea, "Kuko sawa, mama," basi. Miaka ikapita hivyo. Nami nikajiambia, si ni vizuri, mtoto ametulia?

Halafu Baba Wawira akafariki. Wawira alikuja mazishini, akasimama mbali nami, akaondoka siku hiyo hiyo. Ninyi mlikuja, Mungu awabariki, sukari yenu niliimaliza juzi tu. Kila mmoja alitoa neno. Mkafunga kwa maombi. Mkatafuta miavuli.

Ndugu zangu, upweke! Nilikuwa napika githeri ya watu wawili na kuwamwagia kuku. Nilikuwa nachuma majani chai nikimsimulia ng'ombe mambo ya nyumbani, na ng'ombe yuko ng'ambo ya ua. Hapa kanisani naimba kwa nguvu, nikifika kwangu naketi na kitambaa kichwani mpaka moto unazimika. Nilitamani mtu mmoja tu anisikie. Lakini nani angenisikia? Wote niliwafundisha mimi mwenyewe kutoa neno na kufunga.

Presha ikapanda. Daktari wa zahanati akaniambia, "Mama, hii si ya chumvi peke yake," akanituma kwa kaunsela mmoja Embu mjini, mama wa makamo anayeitwa Kathure. Nilimbebea parachichi. Nikajua ukipeleka kitu, unapewa neno. Niliketi, nikangoja. Hakutoa! Hakunipa mstari, hakunishauri, hakuniambia jipe moyo. Nikisema jambo, ananirudishia polepole kuhakikisha amenielewa. Nikinyamaza, ananyamaza nami, na hakuangalia saa. Nilitoka na hasira. Nikasema parachichi zangu zimeliwa bure.

Lakini nilirudi, kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu.

Siku ya nne nilimtaja Wawira, kisha nikasema haraka, "Basi, tufunge kwa maombi." Nikafumba macho. Kathure akasema kwa upole, "Mama, kila tukimkaribia Wawira, unafumba macho. Tukitaka kuomba, tutaomba. Lakini naona kama kuna jambo hapo linakuumiza sana."

Ndugu zangu, nilivunjika! Nikamwambia yote. Uongo, aibu, lile neno la mzigo. Nikangoja anikemee. Hakunikemea. Nilipomtazama, macho yake yalikuwa na machozi, na alikuwa ananitazama vile vile kama siku ya kwanza. Nikamuuliza, "Sasa nifanye nini?" Hata hapo hakutoa neno! Akauliza, "Moyo wako wewe unataka nini, mama?" Nikasikia mdomo wangu ukijibu, "Nataka kumsikia mtoto wangu." Jibu lilikuwa ndani yangu wakati wote, na ni Mungu aliyeliweka.

Nikaenda Meru, mtaa wa Majengo, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya bucha. Wawira ni fundi wa nguo. Alinipa kiti, akanitilia chai, akarudi kwenye cherehani. Nikamwambia, "Siku ile jikoni ulitaka kuniambia kitu. Mimi nikakufunga mdomo. Nimekuja kusikia." Akashona gauni mpaka mwisho wa pindo, akaanza lingine. Mistari ilinijaa mdomoni, nikaimeza mmoja mmoja. Nilikuwa naogopa kuliko siku ya mazishi.

Cherehani ikanyamaza. Akasema bila kunitazama, "Mama, haukuniuliza hata kama alikuwa msichana ama kijana."

Nikasema, "Sikuuliza."

"Alikuwa msichana. Nilikuwa nimempa jina. Marigu."

Ndugu zangu, Marigu ni mimi. Wengine hamlijui jina hilo, mnaniita Mama Wawira tu. Kwetu msichana ambaye hajaolewa anampa binti yake wa kwanza jina la mama yake. Ule mzigo niliosema Mungu ameuondoa ulikuwa na jina langu! Nililia, naye akalia, chai ikapoa.

Akaongea. Akaniambia nywele zake zilivyokuwa, na jinsi alivyolazwa wodi moja na akina mama wenye watoto wao. Jioni nilipoinuka akaniuliza, "Mama, leo haufungi?"

Nikamuuliza, "Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi sifungi."

Siku hizi anakuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, na githeri ya watu wawili inaliwa na watu wawili. Namshukuru Mungu! Namshukuru kwa yule mama aliyeninyamazia mpaka nikausikia moyo wangu mwenyewe. Na wewe uliyeketi hapo na jambo ambalo hakuna aliyekuuliza, mwamini Mungu, yeye hachoki kusikia. Mimi nitakuwa kwenye benchi la kando ya tangi la maji baada ya ibada. Njoo ukae. Sitakupa neno.

Na pasta, naomba radhi. Najua ni desturi anayeshuhudia afunge kwa maombi. Leo sitafunga. Wawira hajamaliza.